Kloridi ya bati kugeuka nyeupe kama tui

Kaka wa Nzega, uliyeuliza kwa nini kloridi ya bati unayopimia dhahabu imegeuka nyeupe kama tui: ulianza na maji. Chumvi hiyo ikikutana na maji matupu hutoa unga mweupe usioyeyuka. Iyeyushe kwanza kwenye asidi hidrokloriki, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Kisha tumbukiza chupani kipande cha bati tupu, yaani metali yenyewe (tin), maana hewa huiharibu dawa taratibu na kipande hicho huirudisha. Si bati la kuezekea, hilo ni chuma kilichopakwa zinki! Kuijaribu dawa, idondoshe kwenye tone lenye dhahabu iliyoyeyushwa kwa asidi. Ikitoka zambarau, dawa bado nzima. Na miwani na glavu uvae, tafadhali. Inaunguza macho vibaya.