Muulize Mwalimu: Mfalme anatafuta nini karibu na altare?

Toleo lililopita tulichapa picha ya kanisa la San Vitale, mjini Ravenna, Italia, tukaandika chini yake mstari mmoja tu: "Mozaiki za karne ya 6." Mozaiki ni picha iliyopangwa kwa vipande vidogo vya kioo na mawe. Barua zilizokuja zimenionyesha kwamba mstari mmoja haukutosha. Nimechagua tano.

Shikamoo Mwalimu. Katika ile picha ya San Vitale namwona mfalme mwenye taji, na nyuma ya kichwa chake kuna duara la nuru kama la mtakatifu. Pembeni ana askari wenye mikuki. Vijana wangu wa kipaimara wameniuliza huyu ni mtakatifu gani, na askari wanatafuta nini kanisani. Nimekosa la kuwajibu. – Katekista, Iringa

Marahaba, mwanangu. Huyo ni Justinian, kaisari wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), aliyetawala kuanzia 527 hadi 565. Zama zile mafundi walimwekea kaisari duara la nuru kwa ajili ya cheo chake, kuonyesha kwamba mamlaka yake yametoka juu. Ndugu zetu Waorthodoksi wanamkumbuka pamoja na watakatifu wao kila tarehe 14 Novemba, ila picha hii ilibandikwa ukutani yeye angali hai.

Sasa waambie vijana waache kichwa, watazame mikono. Justinian amebeba patena kubwa ya dhahabu, ile sahani ya mkate wa Misa. Kwenye ukuta unaomkabili yupo mkewe, Theodora, na mikononi ana kalisi, kikombe cha divai. Mkate upande mmoja, divai upande wa pili, altare katikati. Hayo ni maandamano ya vipaji, yaleyale wanayoyafanya mama zetu kila Jumapili na vikapu vyao. Kaisari na mkewe hawakuwahi kufika Ravenna. Jeshi lao liliuteka mji huo mwaka 540, kanisa likatabarukiwa 547, na wao wakabaki kwao Konstantinopoli. Lakini ukutani wanapeleka vipaji siku zote.

Nikuhadithie. Nilipokuwa mwanafunzi Bologna nilikwenda Ravenna kwa treni, mwezi wa Februari, nimevaa koti la kuazima. Niliingia San Vitale na daftari nikaanza kuandika picha mojamoja: huyu nani, yule nani. Kurasa zikajaa majina na bado sikuelewa kitu. Shingo ilipouma nikaenda kusimama mbele ya altare, pale wanaposimama waumini. Paroko wetu wa utotoni aliipenda sana Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile ndefu, hata tukaikariri bila kufundishwa. Unajua mahali padre anapomwomba Mungu apokee sadaka hii kama alivyopokea ya Abeli, ya Abrahamu na ya Melkisedeki. Nikainua macho upande wa kulia: Abeli, amevaa ngozi, anamwinua mwanakondoo. Anayemkabili ni Melkisedeki na mkate wake. Kati yao pana meza yenye kitambaa cheupe, juu yake kikombe na mikate miwili, na mkono wa Mungu unatokeza mawinguni. Nikageukia kushoto: Abrahamu anawaandalia wageni watatu chini ya mti, mikate yao ya duara ina alama ya msalaba, Sara anachungulia mlangoni. Hatua chache kando, Abrahamu huyohuyo ameinua upanga, Isaka yuko juu ya madhabahu, na mwanakondoo dume anasubiri chini. Kuta zile zilikuwa zinaisali sala niliyoijua kwa moyo. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Tangu siku hiyo simwelezi mtu picha ya kanisa la Kibizanti, yaani la dola ile ya Konstantinopoli, kabla sijamuuliza: altare iko wapi? Ukiifanya picha kuwa ya kalenda, imekufa nusu. Hata upindo wa vazi la Theodora unasema habari hiyohiyo. Kwenye kitambaa cha zambarau wamefumwa, kwa rangi ya dhahabu, wale Mamajusi watatu, nao wameinama na zawadi zao.

Kuhusu askari, nisikufiche: kuna siasa pia. Hesabu watu waliosimama na kaisari, uone ni mmoja tu aliyeandikwa jina juu ya kichwa. Ni Maximianus, askofu mkuu, mwembamba, mwenye upara, ameshika msalaba wa vito. Aliwekwa na Justinian mwaka 546, na watu wa Ravenna hawakumpokea kwa furaha. Kwa hiyo amesimamishwa karibu na kaisari, na jina limeandikwa ili pasiwe na ubishi. Tazama miguu: wa Maximianus uko mbele. Panda juu kidogo: patena ya kaisari imekatiza mbele ya askofu. Nani kamtangulia nani? Fundi alilipima jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Na ngao ya askari imeandikwa herufi mbili za Kigiriki za jina la Kristo, zimeshikana.

Lakini wote hao wako chini. Juu yao, katikati ya kuba dogo la nyuma ya altare, Kristo ameketi juu ya tufe la buluu. Ni kijana, hana ndevu, na vazi lake ni la zambarau, rangi ya makaisari.

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni fundi wa vigae hapa Mombasa. Kigae nikikiweka vibaya, mwaka haujaisha kimebanduka. Hao walitumia gundi gani hata kazi ikae miaka 1,400? – Fundi, Mombasa

Waaleikum salaam, fundi wangu. Hawakutumia gundi. Walitumia chokaa, ileile iliyojenga nyumba za mji wa kale hapo kwenu.

Ukuta ulipigwa lipu tabaka juu ya tabaka, la chini la kokoto, la juu laini. Tabaka la mwisho lilipakwa eneo dogo tu, kiasi cha kumalizika kabla halijakauka. Juu ya ubichi ule mtu alichora picha kwa rangi, ndipo wenzake wakachomeka vipande kimoja kimoja kwa kidole. Kipande chenyewe ni kidogo, mara nyingi hakizidi ukucha wa kidole chako kidogo, na penye uso vinakuwa vidogo zaidi ili shavu lipate mviringo wake. Vingi ni vya kioo kilichotiwa rangi kikiwa cha moto. Vingine ni mawe. Lulu za Theodora ni ganda la chaza lililokatwa duara. Cha dhahabu ni kioo, juu yake ukoko wa dhahabu mwembamba kuliko karatasi, halafu kioo kingine chembamba mno cha kuilinda. Ndiyo maana haichujuki.

Na hili nadhani litakushangaza. Wewe kazini unatembea na pimamaji, na kigae kikiinuka kidogo tu mwenye nyumba analalamika. Hao waliinamisha vipande kwa makusudi. Hiki kimeelekea chini, jirani yake kimeelekea kando. Ukisogea hatua moja, vilivyokuwa vinang'aa vinazima na vingine vinawaka. Kanisa lilikuwa na taa za mafuta na mishumaa, na mwali wa mshumaa hautulii, kwa hiyo ukuta mzima ulikuwa unapumua. Nilirudi San Vitale jioni ileile nikakuta dhahabu imegeuka, asubuhi ilikuwa ya limau na sasa ya asali. Kwa Wabizanti dhahabu ile haikuwa pambo. Ilisimama mahali pa mbingu, penye nuru isiyo na jua wala kivuli.

Usidhani vyote vimesalimika. Kuba kubwa la San Vitale leo lina michoro ya rangi ya karne ya 18, na ukutani pana viraka vya matengenezo. Ardhi yenyewe ya Ravenna inazama. Kwenye jengo dogo la jirani, liitwalo kaburi la Galla Placidia, sakafu imeinuliwa karibu mita moja na nusu kuliko ilivyokuwa, ndiyo maana ukiingia unaona dari la buluu lenye nyota za dhahabu liko karibu na kichwa chako.

Kwa kuwa umenisalimu kwa salamu ya Kiislamu, niongeze hili. Khalifa Abd al-Malik alipojenga Kubba ya Mwamba kule Quds, yaani Yerusalemu, iliyokamilika mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692, ndani ilifunikwa kwa kazi hiihii ya kioo na dhahabu. Humo hamna sura ya mtu wala mnyama: ni miti, mizabibu, vito, na aya za Kurani zilizoandikwa kwa vipande vivyo hivyo. Ukipata picha yake kubwa, itazame kwa jicho la fundi.

Mwalimu, kwetu Bukoba kanisa letu la Kiorthodoksi lina picha ya Bwana Yesu. Vidole vya mkono wa kuume amevikunja kwa namna ya ajabu, na kuna herufi IC na XC. Ni Kilatini? – Mwanafunzi wa sekondari, Bukoba

Ni Kigiriki. IC ni herufi ya kwanza na ya mwisho ya jina Yesu, XC ni ya kwanza na ya mwisho ya Kristo. Hiyo C inasomwa S, kwa maandishi ya zamani ya Wagiriki. Sasa rudi kwenye vidole: cha shahada kimenyooka, hiyo ni I. Cha kati kimepinda, C. Cha pete na gumba vimepishana, X. Kidogo kimepinda, C. Mkono unaobariki unaandika jina la anayebariki. Jaribu mwenyewe, ukianza na gumba ndipo utaweza.

Na ukikuta MP na ΘY kwenye picha ya Mama Maria, yasome hivyohivyo, mwanzo na mwisho wa maneno mawili: Mama wa Mungu.

Kuna picha nyingine niliiona ya huko Ravenna, ina kondoo tu wamepanga mstari, na msalaba mkubwa. Yesu mwenyewe yuko wapi? – Msomaji, Dodoma

Hilo ni kanisa la Sant'Apollinare in Classe, nje kidogo ya mji, lililotabarukiwa 549 na Maximianus yuleyule. Yesu yumo. Tafuta pale mikono ya msalaba inapokutana, uso wake ni mdogo kama sarafu.

Picha yote ni ya Yesu kugeuka sura mlimani. Musa na Eliya wamechomoza mawinguni, kila mmoja upande wake, na jina lake limeandikwa. Kondoo watatu walioinua vichwa kuutazama msalaba ni Petro, Yakobo na Yohane. Nyota kwenye buluu ni 99. Wale wa mstari wa chini ni 12, na katikati yao amesimama Apollinaris, askofu wa kwanza wa mji ule, mikono ameiinua kama padre wakati wa sala. Na altare, kama nilivyomwambia katekista, iko chini yake.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anasoma Ravenna. Amenitumia picha ya ukuta wa kanisa la Sant'Apollinare Nuovo. Kuna jumba lenye nguzo na mapazia, na kwenye nguzo kuna viganja vya mikono visivyo na mtu. Anauliza kama fundi alikosea. – Mama, Arusha

Marahaba, mama. Binti yako ameona kitu ambacho wageni wengi hukipita wakikimbilia Mamajusi wa ukuta wa pili.

Kanisa hilo lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi, aliyetawala Italia kuanzia 493 hadi 526. Jumba analoliona ni kasri la mfalme, ndiyo maana limeandikwa PALATIUM. Theodoric na watu wake walikuwa Wakristo wa mafundisho ya Ario, waliosema Mwana si sawa na Baba. Baada ya Justinian kuutwaa mji, kanisa likaingia mikononi mwa Wakatoliki kwenye mwaka 561, chini ya askofu mkuu Agnellus. Kati ya nguzo zile walikuwa wamesimama watu wa kasri. Wakang'olewa, kipande kwa kipande, na mahali pao yakawekwa mapazia meupe yaliyofungwa fundo.

Lakini baadhi ya watu hao walikuwa wamenyoosha mikono, na mikono ikavuka ikaangukia juu ya nguzo. Kuing'oa kungeharibu nguzo pia. Ikaachwa.

Mwambie binti ainue macho juu zaidi, karibu na dari. Kuna mstari wa picha ndogo za maisha ya Kristo, miujiza upande mmoja, mateso na ufufuko upande wa pili, 26 kwa jumla. Hizo ni za wakati wa Theodoric na hazikuguswa hata moja. Walioondolewa ni watu wa kasri la mfalme. Kristo wa Wagothi aliachwa alivyo.

Halafu arudi kwenye nguzo na darubini ndogo, asubuhi. Nilipozitazama mimi, nilikuta kiganja kimoja kimekatizwa na pazia penye kifundo cha mkono kabisa, vidole vyote vimo, vimetengana vizuri.