Programu yangu inasema 4,294,967,297 ni namba tasa. Je, ni kweli?

Swali: Nimeandika programu ndogo ya kutambua namba tasa. Inachukua 2, inaipandisha hadi kipeo cha n − 1, kisha inagawanya kwa n. Baki likiwa 1, inatangaza kwamba n ni tasa. Kwa 4,294,967,297 imejibu "tasa", ila mwenzangu anabisha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Zidisha 641 × 6,700,417 uone. Programu yako, hata hivyo, haikukosea hesabu. Kipimo chenyewe ndicho kisichofaa kwa namba hii.

Namba yako ni 2³² + 1. Kwa hiyo 2³² ukiigawanya kwa n ni kama kubakiza −1, na 2⁶⁴, ambayo ni mraba wake, inabakiza 1. Sasa n − 1 ni 2³², nayo ni kigawe cha 64. Baki litakuwa 1 tu, n iwe tasa isiwe tasa! Weka 3 mahali pa 2, programu itaikataa mara moja.

Namba za umbo hili, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, kisha ukajumlisha 1, zimewahi kumpotosha hata mwanahisabati Fermat. Mnamo 1640 alikuwa akiamini zote ni tasa, na 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Inayofuata ndiyo yako, na mwanahisabati Euler aliivunja kuwa vigawo mwaka 1732.

Kinachoidanganya programu ndicho kinachoifichua namba. Tuseme p ni kigawo tasa chake. Ukigawanya kwa p, vipeo vya 2 vinarudi kwenye baki la 1 kwa mara ya kwanza kwenye 2⁶⁴, kisha kila baada ya hatua 64. Kwa kuwa p ni tasa, 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo inabakiza 1 (ndiyo kanuni ya programu yako), hivyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Namba tasa zilizo chini ya kipeuo cha pili cha n, yaani 65,536 na ushee, ni 6,542. Lakini huna haja ya kuzipitia. Unajaribu 193, 257, 449, 577, zote zinakataa, halafu 641 inakubali.

Kuna uthibitisho mwingine ninaoupenda zaidi, usiohitaji hata kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa usemi wa kwanza, 5 × 2⁷ ukiigawanya kwa 641 inabakiza −1, kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kwa usemi wa pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisha: −2³² inabakiza 1, maana yake 2³² + 1 haibakizi kitu.

6,700,417 yenyewe ni tasa. Vigawo vyake ni vigawo vya n pia, hivyo chujio lile lile la 64 linatosha, hadi kipeuo chake cha pili, yaani 2,588 tu.

Kwa programu yako, tumia kipimo cha Miller–Rabin, ambacho ni kikali kuliko chako, lakini usiishie kwenye 2, kwa sababu namba hii inakipita hicho pia. Ukitumia namba tasa zote kuanzia 2 hadi 37, jibu ni la uhakika kwa kila n iliyo chini ya 2⁶⁴. Na angalia aina ya namba unayohifadhia: kwenye biti 32 zisizo na alama ya hasi, 4,294,967,297 inageuka kuwa 1.