Kapi vamizi hawaumi chambo, wanakunywa maji

Nyie mnaoanza kufukuzia kapi vamizi (samaki wa Asia waliozagaa mitoni) huko Marekani, mto Illinois, Mississippi na matawi yake, kabla hujanunua rodi jua hili: kapi fedha na kapi kichwa kikubwa hawali kama samaki uliowazoea. Wanachuja maji. Mdomo wazi, maji yanapita, matamvua yanabakiza planktoni, yaani vijidudu na vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, basi. Kwa hiyo minyoo na chambo bandia utarusha mpaka bega liume na samaki wamejaa tele mbele yako. (Kapi wa kawaida anakula chini na punje za mahindi zinamtosha, kapi nyasi hata mkate anachukua, hao ni darasa lingine.)

Sasa dawa yake ni donge linaloyeyuka. Unachanganya unga wa mahindi, chenga za mkate na maziwa ya unga, maji kidogo kidogo, unalifinyanga halafu unalining'iniza chini ya boya, na pembeni yake ndoano ndogondogo kwenye nyuzi fupi, zielee ndani ya lile wingu la unga, samaki akivuta wingu anavuta na ndoano. Wengi wanakwama kwenye donge. Lijaribu kwanza kwenye ndoo: likitumbukia lianze kutoa wingu palepale, unga ushuke taratibu kama moshi, ila likimomonyoka lote kwa mpigo umezidisha maji au hujakandamiza vizuri, na likikaa gumu kama tofali hakuna samaki atakayejua lipo. Idadi ya ndoano kwenye mshipi mmoja kila jimbo lina sheria yake, soma kabla hujafunga.

Tafuta maji yaliyotulia, yenye joto na ukijani kidogo, vihori vya pembeni ya mto, maana huko ndiko planktoni iko. Usivue chini kabisa, anzia kama mita moja kutoka juu halafu ushushe ukiona kimya. Na usihamehame! Rusha palepale kila donge likiisha, wingu la kwanza linawaita, la pili linawaweka.

Boya halizami kwa kishindo, linatetemeka tu, au linalala kwa sababu kitu kimeinua donge, hapo ndipo unavuta. Breki ya rili usiikaze sana, kichwa kikubwa anaweza kupita kilo 40 na akiamua kuondoka anaondoka na mshipi wako. Mkiwa kwenye boti muwe macho pia, kelele za injini zinawarusha kapi fedha hewani na akikupiga usoni utavunjika kitu, sitanii.

Kuhusu sheria, kapi fedha, kapi mweusi (vamizi mwingine) na kichwa kikubwa wako kwenye orodha ya viumbe waharibifu ya Lacey Act, sheria ya shirikisho ya wanyamapori, kichwa kikubwa aliongezwa 2011, na majimbo mengi yanakataza kuwasafirisha wakiwa hai. Muue palepale. Na visamaki vya chambo vya kuvua mtoni usivihamishie maji mengine, watoto wa kapi wanafanana mno na shadi, visamaki vinavyotumika sana kama chambo, hata wazoefu wanachanganya.

Nyama ni nyeupe na haina shombo, Illinois tangu 2022 wanaiuza kwa jina la Copi. Ila kata matamvua damu itoke mara tu ukimtoa majini, umtie kwenye barafu, halafu ujiandae na miiba maana ni mingi na ina pacha, mimi nasaga tu natengeneza kababu.