Unapoandika kuhusu stat, taja ulichokipima na mahali ulipokipimia

Miaka michache iliyopita niliuandikia ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, programu ndogo ya C ya kunakili kumbukumbu za mizani kila jioni. Programu iliuliza hali ya kila faili kwa stat, yaani amri ya C inayoleta taarifa za faili katika uga mbalimbali, kisha ikanakili yale tu ambayo st_ctime yake ilikuwa mpya kuliko nakala ya mwisho. Kwenye Linux yangu haikukosea. Kwenye Windows ya karani, daftari lililofunguliwa mwanzoni mwa msimu lilinakiliwa siku ya kwanza, kisha likarukwa msimu wote, ingawa karani aliliongezea mistari kila siku.

Katika Unix, st_ctime ni wakati ambapo taarifa za faili zilibadilika mara ya mwisho, na husogea maudhui yanapoandikwa au ruhusa zinapobadilishwa. Maktaba ya C ya Microsoft hulitumia jina hilohilo kwa wakati faili lilipoundwa. Kompaila hailalamiki. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tofauti hiyo nilikwisha kukutana nayo katika kazi ya awali, nikairekebisha na kuandika maneno mawili tu: "rekebisho la Windows".

Kwa hiyo nakushauri uandike palepale stat inapoitwa, si katika hati ya pembeni ambayo hakuna atakayeifungua: ni uga gani, ulitarajia nini, ukapata nini, katika mfumo endeshi gani na, jambo linalosahaulika mno, katika mfumo gani wa faili, yaani namna diski inavyopanga na kutunza mafaili. Flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 hutunza wakati wa kuandikwa kwa hatua za sekunde 2, tena kwa saa za mahali bila kutaja ukanda, hivyo flashi iliyoandikwa Dodoma ikichomekwa kwenye seva ya Linux iliyowekwa UTC (saa za dunia, zilizo nyuma ya Dodoma kwa muda wa saa 3), mafaili yake huonekana yameandikwa muda wa saa 3 baadaye kuliko ilivyokuwa kweli. Ukiandika "Linux" peke yake utampotosha mwenzako, maana ext4, mfumo wa faili wa diski ya seva hiyohiyo, haina tabia hiyo.

Taja pia st_ino, namba ambayo Unix hulitambulisha nayo kila faili, na ambayo katika maktaba ile ya Microsoft haina maana, kwa hiyo haifai kutambua kama majina mawili ni ya faili moja.

Chini ya kila maelezo mimi huweka sasa programu ya mistari kumi hivi inayounda faili, kusubiri sekunde 3, kuliongezea herufi moja na kuchapisha nyakati zote, ili mrithi wa kazi aiendeshe kwenye mashine yake mwenyewe.