Usiifiche ile kesi ya dukani

Mdogo wangu, umeuliza kama usiitaje kwenye SF-86, ile fomu ya kuombea kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, ile kesi ya wizi wa dukani ya miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa mahakama iliifuta. Nakusihi, itaje. Sehemu ya 22 inauliza kama umewahi kukamatwa ndani ya miaka 7, hata kama shtaka lilifutwa. Kosa moja dogo, lisilojirudia, huweza kusameheka chini ya Mwongozo J, ule wa kupimia makosa ya jinai ya mwombaji wa kibali. Wengi huangushwa na Mwongozo E, ule wa mwenendo binafsi, unaogusa uongo. Na kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai Marekani, kifungo hadi miaka 5. Kama fomu umeshaituma, mtafute mpelelezi anayechunguza maombi yako leo urekebishe, kabla hajakuuliza yeye. Mpe tarehe, kituo cha polisi, mahakama na ilivyokwisha.