Kalavati la leo, mvua ya 2060: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba kalavati (ile njia ya maji chini ya barabara) tunalomwaga zege leo hapa Dar litakuja kukutana na mvua ya 2060, basi inbox ikajaa. Najibu machache, yale yaliyojirudia rudia nimeyaunganisha.

Fundi, Tabata: Injinia katuambia kalavati letu ni la "mvua ya miaka 50". Si ndo halizidiwi miaka 50?

Hapana fundi, na hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Maana yake kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 50 ya kupata mvua ya ukali huo au zaidi, mwaka ukiisha bahati nasibu inachezwa upya na mvua haikumbuki kwamba juzi tu ilikuja. Ukipiga hesabu ya miaka 50 yote, uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ni kama asilimia 64! Hata lingekuwa la mvua ya miaka 100 bado unabaki na karibu asilimia 40. Na hiyo hesabu inadhani hali ya hewa imesimama palepale, wakati hewa ikipanda joto nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo wingu likiamua kumwaga linamwaga kweli.

Mwanafunzi, Kigamboni: Nimepakua modeli moja ya hali ya hewa, ile hesabu ya kompyuta inayokadiria mvua zijazo, ina mvua ya Dar ya 2050. Naiweka kwenye disaini?

Usithubutu mdogo wangu. Modeli za dunia zinaikata ramani vipande vya maboksi, kila boksi linapewa mvua moja tu, na boksi moja mara nyingi lina upana wa kama kilomita 100, yani limemeza Dar yote na Kibaha na kipande cha bahari juu, sasa ile mvua iliyonyesha Kimara ikaacha Mbagala vumbi linatimka utaionea wapi humo? Chukua modeli nyingi, zipime kwanza kwa miaka iliyopita uone kama zinafanana na vipimo vya vituo vya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), halafu usibebe milimita zake, beba badiliko tu. Modeli ikisema mvua kubwa ya siku moja imeongezeka robo, hiyo robo ndo unaipandisha juu ya data ya kituo. Utapata majibu yaliyotawanyika, na mtawanyiko huo usiufiche kwa wastani, jaribu mtaro wako na la chini na la juu uone unafia wapi.

Kingine, masika. Modeli nyingi zilisema zitaongezeka huku Afrika Mashariki, ila vipimo vya kuanzia miaka ya 1980 mpaka 2000 na kitu vikaonyesha zinapungua, wanasayansi wamekuna kichwa juu ya hilo miaka. Kwenye ukali wa mvua za muda mfupi ndo modeli zinaelewana zaidi, na mtaro unauliwa na ukali, sio na jumla ya msimu.

Wa Mbezi: Tupange kwa ile hali mbaya kabisa, ya dunia kuendelea kumwaga hewa chafu inayopasha joto bila breki?

Inategemea kitu kinaishi muda gani. Mpaka karibu 2050 makadirio yote, ya hewa chafu nyingi na ya kidogo, hayajaachana sana, paa la miaka 20 usiligombanie. Daraja la miaka 100 hapo ndo pima na ile mbaya.

Mwenyekiti wa mtaa: Si tutafilisika?

Mkikuza kila kitu, ndio. Kuzeni kisichobadilishika, nguzo na msingi wa daraja, mtaro achieni nafasi pembeni muupanue baadaye. Mtaani kwetu mkandarasi alijenga mtaro mzuri kabisa, mdomo wa kutokea ukawa mwembamba kuliko wa kuingilia, hapo hata modeli ya malaika haisaidii. Na chupa za plastiki jamani, kalavati lililoziba nusu ni nusu kalavati.

Mama, Kigogo: Nina vyumba viwili karibu na Msimbazi, haya ya kompyuta yananihusu?

Shikamoo mama. Kama uko ndani ya mita 60 za mto, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza makazi hapo na mimi siwezi kukushauri uongeze tofali hata moja. Kama uko nje, tafuta kwenye kuta alama ya maji ya mafuriko ya Desemba 2011, uliza na majirani wa zamani. Sakafu ipite hapo na zaidi kidogo, soketi zipande juu kabisa, na hati za kiwanja zisikae kabati la chini.