Kabla fundi hajagusa boti yenu ya zamani, isomeni kwanza

Nimetumia miaka mitatu kufuatilia historia ya boti moja ya mbao, ya injini, iliyokuwa ikivusha watu wa kisiwani kwenda bara, na kama nawe unataka kuandika ya boti yenu nakuomba kitu kimoja, usikubali fundi atoe hata ubao mmoja kabla hujaisoma boti yenyewe. Mi nilichelewa. Nilianza na karatasi, nikawa nashinda maofisini natafuta mafaili, huku nyuma wamekwangua ubavu wote wa kushoto mbele, na pale ndo lilikuwepo jina la kwanza la boti, limechongwa kwenye mbao chini ya matabaka ya rangi. Aliyekwangua aliona herufi mbili tatu akajua ni mikwaruzo tu. Upande wa pili mbao zilishabadilishwa zamani, kwa hiyo jina lile sina pa kulipata tena na bado linaniuma.

Sasa ingia ndani na tochi, tafuta boriti kuu, ile inayokatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Sheria ya meli ya Uingereza ya 1894 ilitaka namba rasmi ya chombo na tani zake zichongwe hapo, kwa hiyo boti iliyosajiliwa chini ya bendera ile inaweza kuwa nayo mpaka leo hata kama imezibwa na rangi. Usikwangue! Pitisha vidole taratibu. Mi namba niliisikia kwa kidole gumba kabla sijaiona, nikaweka karatasi nyembamba juu yake nikasugua na penseli iliyolazwa, tarakimu zikaanza kutoka nyeupe moja moja. Ukishakuwa na namba unaenda kwenye daftari la usajili, humo utakuta vipimo, mwaka ilipoundwa na wamiliki wake, na umiliki uligawanywa hisa 64, kwa hiyo usishangae mtu mmoja kuwa na 16 na mjane wa mwenzake ana 8. Ila vyombo vidogo vya pwani visivyozidi tani 15 havikulazimika kusajiliwa, kwa hiyo ukikosa namba usikate tamaa.

Kibati cha injini kipige picha lakini kisikudanganye, kinakwambia umri wa injini tu, na boti ya mbao inaweza kuzika injini tatu nne. Angalia magogo injini ilipokalia. Ukiona matundu ya zamani yamezibwa kwa vipande vya mti, jua kulikuwa na injini nyingine yenye miguu tofauti. Misumari nayo inasema, ukikuta mstari mzima ni ya shaba afu ghafla mbao mbili zina ya chuma, hapo pamewahi kufanyiwa matengenezo.

Hadithi za vita zichunguze mara mbili. Mwaka 1940, kwenye vita vya pili vya dunia, boti ndogo za raia zilienda Dunkirk, pwani ya Ufaransa, kusaidia kuwatoa wanajeshi, waliookolewa kwa jumla walizidi 338,000, na kwa boti za Uingereza za umri huo utasikia sana kwamba na hii ilikuwepo. Bila karatasi andika “inasimuliwa”, basi.

Na wazee, jamani, wazee wawahi. Ila usimuulize mtu mwaka gani, muulize siku hiyo alikuwa amembeba mtoto yupi, nahodha alikuwa nani, nauli ililipwa kabla au baada. Bibi mmoja aliniambia mwaka haujui kabisa, anachokumbuka alikuwa anavushwa na uchungu wa mtoto wake wa tatu, injini ikazima katikati ya mkondo, vijana wakasimika mlingoti wakatweka tanga wakafika hivyohivyo. Mi nilijua boti ile haijawahi kuwa na tanga, nahodha wa mwisho mwenyewe aliniambia hivyo. Cheti cha kuzaliwa cha huyo mtoto kikanipa tarehe. Nikarudi na tochi, nikafagia uchafu wa ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, mbele ya injini, na pale juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini, nikakuta tundu la mraba limezibwa kwa mti mwingine, upana wake kama kiganja changu. Picha ya tundu hilo nimeiweka ukurasa mmoja na maneno ya bibi.